Tezi ya shingo na mimba zinazotoka: maswali ya wasomaji

Barua za mwezi huu zimetoka Dodoma, Singida na wilaya za jirani, na karibu zote zinauliza jambo moja kwa sura tofauti: tezi ya thairoidi, ile iliyo mbele ya koo, inahusikaje na mimba kutoka mara kwa mara? Tumechagua saba. Majina tumeyaacha, namba za vipimo tumezibakiza kama zilivyoandikwa.

Shikamoo daktari. Nina miaka 29. Nimepoteza mimba tatu, zote kati ya wiki ya nane na ya kumi. Mama mkwe anasema ni chango, ameniletea dawa ya kuchemsha. Hospitali wamenipima, TSH imesoma 11.4 na T4 iko chini. Je, ndiyo sababu? Na nikianza dawa leo, naweza kubeba mimba mwezi ujao? — Kibaigwa

Marahaba, na pole sana. Mimba tatu ni watoto watatu ambao ulikwisha kuanza kuwahesabia miezi.

Tuanze na karatasi yako. TSH haitoki kwenye tezi ya shingo. Hutoka kwenye tezi ndogo iliyo chini ya ubongo, na kazi yake ni kuiamrisha thairoidi itengeneze homoni, hasa T4. Thairoidi ikilegea, amri huongezwa: TSH hupanda huku T4 ikishuka. Karatasi yako inaonyesha yote mawili, kwa hiyo tezi yako imepungukiwa waziwazi, na hali hiyo inatibiwa bila kubishana. Hata kama T4 ingekuwa ya kawaida, TSH inayopita 10 kwa mwanamke anayetafuta mtoto tungeitibu vilevile.

Je, ndiyo iliyotoa mimba? Inawezekana kabisa. Homoni hii inahitajika ili yai lipevuke vizuri, ukuta wa kizazi ujiandae na kondo la nyuma lijengeke. Tena mtoto hana tezi inayofanya kazi katika wiki za mwanzo. Tezi yake huanza kutengeneza homoni karibu na wiki ya 12, na haijitegemei vya kutosha mpaka wiki ya 18 hadi 20. Kabla ya hapo anakula kwa mama. Ndiyo maana tezi ya mjamzito hulazimika kuongeza kazi, wakati mwingine kufikia nusu zaidi ya kawaida, na kuanzia wiki za mwanzo kabisa. Tezi iliyokwisha kuchoka haina akiba hiyo. Mimba zako zimetoka katika kipindi hichohicho.

Hata hivyo usikubali uchunguzi usimame hapo. Mimba moja ya mapema ikitoka, mara nyingi chanzo ni kasoro ya kromosomu iliyotokea kwa bahati tu. Zikifika mbili au zaidi, kuna mambo ya kutafuta, na mtu mmoja anaweza kuwa nayo mawili kwa pamoja. Omba ultrasaundi ya kizazi kuangalia ukuta unaokigawa au fibroidi, yaani uvimbe wa kizazi, iliyoingia ndani ya tundu lake, kipimo cha sukari, na vipimo vya kingamwili za antifosfolipidi, ambazo tutazieleza kwenye barua ya tatu.

Dawa ni levothairoksini, ambayo ni T4 yenyewe iliyotengenezwa kiwandani. Dozi kamili ya mtu mzima ni takriban mikrogramu 1.6 kwa kila kilo ya uzito kwa siku. Mwanamke wa kilo 60 hufika karibu mikrogramu 100. Soma pakiti kwa makini: nyingine huandikwa kwa miligramu, na 0.1 mg ndiyo hiyo mikrogramu 100. Watu wamemeza mara kumi ya dozi kwa kukosea nukta.

Mwezi ujao ni mapema mno. Dawa hii hukaa mwilini muda mrefu, nusu yake huisha baada ya siku saba hivi, na TSH hufuata taratibu. Ukipima baada ya wiki mbili utapata namba isiyo na maana. Pima baada ya wiki sita, dozi irekebishwe, upime tena. Lengo kabla ya kubeba mimba ni TSH chini ya 2.5, na wengi hulifikia kati ya wiki sita na miezi mitatu. Katika muda huo tumieni kondomu. Tunajua ni kipindi kigumu kwa mtu anayetamani mtoto, lakini mimba ikiingia leo na TSH ya 11 itakuta shida ileile iliyozikuta zile tatu.

Kuhusu dawa ya kuchemsha, mwambie mama mkwe kwa heshima kwamba ugonjwa umeonekana kwenye damu na una dawa yake. Baadhi ya mizizi ya chango husababisha kizazi kubana, jambo ambalo wewe hulihitaji hata kidogo. Ikiwezekana, mchukue uende naye kliniki siku ya majibu, akaelezwe mbele yako.

Habari za kazi. Ninatumia levothairoksini 75 kwa miaka miwili. Nilipoteza mimba mbili kabla ya dawa na moja nikiwa kwenye dawa. Jana kipimo cha mkojo kimesoma nina mimba ya wiki tano. Nimeambiwa kliniki nianze wiki ya 12. Nisubiri? — Manyoni

Usisubiri hata wiki moja. Hili ndilo kosa linalotuumiza zaidi, kwa sababu ni rahisi kulizuia. Wajawazito wengi huanza kliniki baada ya wiki ya 12, wakati zile wiki ambazo mtoto alikuwa anategemea homoni ya mama peke yake zimekwisha kupita. Kwa mtu mwenye tezi nzima si tatizo kubwa. Kwa anayemeza dawa ni tatizo, maana tezi yake haiwezi kujiongezea na kidonge hakijui kwamba kuna mimba.

Kinachofanyika ni kuongeza dozi kwa robo hadi theluthi mara mimba inapogundulika. Njia rahisi ni dozi mbili za ziada kwa wiki: badala ya saba, unameza tisa. Siku tano unameza 75 kama kawaida, na siku mbili zilizoachana, tuseme Jumatano na Jumapili, unameza mara mbili. Kwa wiki unatoka mikrogramu 525 na kufika 675. Mpigie daktari wako leo, mwambie una mimba na umuulize kuhusu hatua hii. Kama huna namba yake, nenda na pakiti ya dawa kwenye kituo chochote chenye daktari, usisubiri siku ya kliniki. Mwenye ugonjwa wa moyo asijiongezee kabla ya kuonwa.

Kisha pima TSH sasa hivi, halafu kila wiki nne mpaka nusu ya mimba, na mara moja tena karibu na wiki ya 30. Ukijifungua unarudi kwenye 75 ya zamani, na unapima wiki sita baadaye.

Sasa ile mimba iliyotoka ukiwa kwenye dawa. Hatuwezi kujua chanzo chake, ila tunataka ukague namna unavyomeza, kwa sababu dozi nzuri kwenye karatasi hupotea tumboni. Levothairoksini humezwa tumbo tupu, kwa maji matupu, dakika 30 hadi 60 kabla ya chai. Kahawa na maziwa huipunguza. Adui mkubwa kwa mjamzito ni vidonge vya kuongeza damu, hivi vya FEFO mnavyopewa kliniki: madini chuma hushikana na dawa tumboni na vyote viwili hutoka bila kuingia kwenye damu. Viachanishe kwa saa nne au zaidi. Vivyo hivyo kalsiamu na dawa za kiungulia. Mpangilio unaofaa: levothairoksini saa 11 alfajiri unapoamka, chai saa 12, FEFO baada ya chakula cha usiku. Usiiache FEFO kwa kuogopa, damu unaihitaji.

Halafu kuna uji wa lishe. Ukiwa na unga wa soya, na mwingi unao, usinywe asubuhi muda mfupi baada ya dawa. Usogeze mpaka saa nne au jioni. Ukipewa dawa za kifua kikuu zenye rifampisini, mwambie daktari, kwani ini litaichoma levothairoksini haraka na dozi itapaswa kupanda.

Na joto. Pakiti nyingi zimeandikwa zihifadhiwe chini ya nyuzi 25 au 30, na chumba cha bati cha Manyoni mwezi wa Oktoba mchana kinapita hapo. Weka dawa chumba chenye ubaridi kuliko vyote, chini, mbali na bati, dirisha na jiko. Iache kwenye pakiti yake. Usikubali vidonge vya miezi mitatu vikiwa vimemiminwa kwenye bahasha ya karatasi, maana mwanga na unyevu huviharibu bila kubadilisha sura yake. Duka likikubadilishia kampuni ya dawa, mjulishe daktari na upime tena baada ya wiki nne.

Mimi ni mtumishi hapa Mtumba. Mimba mbili zimetoka. TSH yangu ni 2.1 lakini nimekutwa na kingamwili za tezi. Daktari mmoja kaniandikia levothairoksini 50, mwingine kasema si lazima. Nimsikilize nani? — Dodoma mjini

Tunakubaliana na wa pili, na tunaeleza kwa nini, maana wa kwanza hakukosa hoja.

Kingamwili hizi, zinazoitwa anti-TPO, ni askari wa mwili wanaoishambulia tezi yao wenyewe. Ni kweli kwamba wanawake walio nazo hupoteza mimba zaidi kuliko wasio nazo, hata TSH ikiwa nzuri. Kwa miaka mingi madaktari walidhani kuwapa T4 kidogo kungesaidia. Hilo likapimwa. Utafiti wa Uingereza uliochapishwa mwaka 2019 uliwagawa wanawake 952 wenye kingamwili hizi na tezi inayofanya kazi vizuri: nusu walipewa levothairoksini mikrogramu 50 tangu kabla ya mimba, nusu kidonge kisicho na dawa. Waliojifungua mtoto hai walikuwa asilimia 37.4 upande wa dawa na 37.9 upande wa pili. Mwaka 2022 ukaja mwingine wa Ulaya kwa wanawake 187 waliopoteza mimba mbili au zaidi kama wewe. Nao haukuona tofauti ya maana.

Kingamwili hizo zina kazi nyingine kwako: zinatuonya kwamba tezi inaweza kushindwa mzigo wa mimba. Kwa hiyo pima TSH siku unapojua una mimba, kisha kila wiki nne mpaka wiki ya 20. Ikipita 4, unaanza dawa. Ikiwa kati ya 2.5 na 4, baadhi ya madaktari humpa dozi ndogo mwenye kingamwili, na hatuoni ubaya. Baada ya kujifungua, uchovu, mapigo ya moyo kwenda mbio au huzuni isiyoeleweka ndani ya mwaka wa kwanza ni sababu ya kupima tena.

Kingamwili ambazo tungependa uzifuatilie zaidi ni za antifosfolipidi. Hizi hugandisha damu kwenye kondo la nyuma, na zina tiba: aspirini ya dozi ndogo pamoja na sindano za heparini. Hupimwa mara mbili, wiki 12 kati ya kipimo na kipimo, kwa sababu maambukizi yanaweza kuziamsha kwa muda tu. Kipimo kimoja hakitoshi kumhukumu mtu sindano za miezi tisa.

Mke wangu amepoteza mimba mbili. Macho yamemtoka kidogo, moyo unamwenda mbio, mikono inatetemeka, amekonda ingawa anakula. Anatumia kabimazoli mwezi wa tatu sasa. Tunataka mtoto. — Kondoa

Ndugu yetu, umeandika dalili vizuri kuliko fomu nyingi za rufaa. Hii ni tezi inayofanya kazi kupita kiasi, na macho yakitoka hivyo kwa kawaida ni ugonjwa wa Graves, ambapo kingamwili za mwili huichochea tezi. Homoni ikizidi nayo hutoa mimba, na mimba ikibaki huleta kifafa cha mimba, uchungu kabla ya wakati na mtoto mdogo kuliko umri wake.

Kwanza, asibebe mimba mpaka vipimo vitulie. Vipimo viwili vilivyo sawa, mwezi mmoja au zaidi kati yake, dozi ikiwa haijabadilika, ndicho kiwango kizuri. Pili, kabimazoli, hiyo dawa ya kupunguza kazi ya tezi, ina hatari kwa mtoto, hasa wiki ya 6 hadi ya 10: kasoro za ngozi ya kichwa, za njia ya pua na za umio. Kwa hiyo anayepanga mimba huhamishiwa dawa iitwayo PTU, ama kabla ya kubeba au siku ileile anapokosa hedhi na kipimo kikasoma mimba. PTU nayo inaweza kuumiza ini, ndiyo maana si ya kila mtu na si ya miaka mingi. Asiache dawa ghafla kwa hofu. Arudi kwa daktari abadilishiwe.

Mkiambiwa kuhusu tiba ya madini joto yenye mionzi, ni tiba nzuri, ila mke hupimwa mimba kabla, na baada yake mnasubiri miezi sita au zaidi. Hata baada ya tiba hiyo au upasuaji, mwambieni mkunga historia yote: kingamwili za Graves hubaki kwenye damu na huvuka kwenda kwa mtoto, kwa hiyo zinapaswa kupimwa mwanzoni mwa mimba.

Kuna mambo mawili ya kutosubiri asubuhi. Akipata homa na koo kuuma akiwa kwenye kabimazoli au PTU, asimeze dozi inayofuata kabla ya kupimwa chembe nyeupe za damu siku hiyohiyo. Macho yakigeuka manjano au mkojo ukawa mweusi, vivyo hivyo.

Tunauliza pia: mojawapo ya mimba hizo ilikuwa zabibu, yaani ile ambayo kondo hugeuka vifuko kama zabibu? Mimba zabibu hutoa homoni ya mimba kwa wingi mno, na homoni hiyo huiamsha thairoidi. Tumbo kubwa kuliko miezi, kutapika sana na damu ni dalili zake.

Huku kwetu tunakula ugali wa uwele, mlenda wa magadi, na chumvi ya kupima kwa kopo. Jirani ana rovu. Je, chakula ndicho kinatoa mimba zetu? — Bahi

Uwele wenyewe usiuogope. Una viambato vinavyoweza kuizuia tezi kutumia madini joto, jambo lililochunguzwa sana Sudan, na mihogo nayo ina vyake. Lakini madhara hutokea pale madini joto yanapokuwa haba. Yakitosha, kula uwele wako, una madini chuma pia.

Pa kuangalia ni chumvi. Mjamzito anahitaji mikrogramu 250 za madini joto kwa siku, mtu mzima mwingine 150. Chumvi yenye miligramu 30 kwa kilo hutoa mikrogramu 150 kwa gramu 5, yaani kijiko kimoja cha chai cha kufuta. Kinachobaki hutoka kwenye samaki, mayai na maziwa. Hatusemi uongeze chumvi. Tunasema hiyo kidogo unayokula iwe ya pakiti iliyoandikwa kuwa ina madini joto. Chumvi ya kopo isiyo na lebo huwezi kuijua, na magadi hayahesabiki kabisa. Funika chombo, kiweke mbali na mvuke wa chungu, na utie chumvi chakula kinapokaribia kuiva.

Jirani mwenye rovu apimwe TSH. Uvimbe peke yake hauonyeshi kama tezi imelegea, imezidi au iko sawa. Na asinunue matone ya madini joto au vidonge vya mwani, kwa sababu madini yakizidi nayo huiangusha tezi.

Mimba ilitoka wiki mbili zilizopita. Nimepima, TSH 0.1, T4 juu. Ninatumia vidonge vya nywele na kucha. — Makulu, Dodoma

Usianze dawa yoyote kwa karatasi hiyo. Vidonge vya nywele na kucha mara nyingi vina vitamini iitwayo bayotini kwa wingi, na bayotini huvuruga mashine za maabara: TSH husomeka chini na T4 juu, kana kwamba tezi imezidi, wakati mwenyewe uko mzima. Acha vidonge siku tatu hivi, mwambie fundi wa maabara, pima upya. Tena homoni ya mimba huchukua wiki kadhaa kuisha kwenye damu nayo hushusha TSH. Matokeo yakibaki hivyo wiki sita baada ya mimba kutoka, ndipo yachunguzwe kwa makini, maana tezi inaweza kuvimba baada ya mimba kutoka kama inavyoweza baada ya kujifungua. Moyo ukienda mbio sana kabla ya hapo, nenda mapema.

Natumia levothairoksini, na Ramadhani inakuja. Sina mimba bado. Nimeze saa ngapi? — Kondoa

Chagua moja: dakika 30 hadi 60 kabla ya daku, au usiku unapolala, saa tatu baada ya kula mara ya mwisho. Usimeze pamoja na tende na uji wakati wa kufuturu. Ukishachagua, baki na saa hiyo mwezi mzima. Hedhi ikichelewa, pima mkojo siku hiyo, usingoje Idi.